Paa Wawili Wakubwa Kabla ya Mvua

Jumatatu, 10 Februari 2025

Siku kubwa! Jana upepo ulishuka kutoka mlimani ukazoa mabati ya madarasa mawili ya shule yetu hapa Getanuwas. La kwanza na la pili. Bati moja tumelikuta kwenye zizi la baba, limesimama wima katikati ya ng'ombe kama mgeni anayesubiri chai. Namshukuru Mungu ilikuwa Jumapili, hapakuwa na mtoto darasani.

Leo mkutano wa kijiji. Mwalimu mkuu, Mwalimu Genoveva, mama wa Bukoba asiyecheka, alisema watoto themanini na wawili hawana pa kukaa. Mwenye ghala la mahindi amewapa ghala lake mpaka mwisho wa mwezi tu. Machi unaingia mzigo wake. Machi inaingia na mvua.

Lameck akapendekeza tupite nyumba kwa nyumba na daftari. Lameck! Ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa, mkabala na kibanda changu, na kwa sababu hiyo anajiona waziri. Mimi nachaji simu, natengeneza simu, napiga picha za pasipoti. Nani kati yetu anajua dunia imefika wapi?

Baba yangu, Mzee Bura, akasimama na fimbo yake akasema anatoa mtamba mmoja. Nikaona kijiji kinarudi nyuma miaka mia. Nikasimama na mimi. Nikawaamkia wazee, nikawaeleza kwamba siku hizi watu hawachangishani kwa mitamba. Unaandika mtandaoni, nchi nzima inasoma, nchi nzima inachangia. Nikaahidi mbele ya wote: kabla ya tarehe moja Machi, mimi, Octavian, nitakuwa nimeezeka shule.

Baba akauliza kama hao watu wa nchi nzima wananifahamu. Nikasema hapana. Akauliza basi watoe kwa nini. Watu wakacheka. Kuelimisha jamii ni kazi!

Mwalimu Glory hakucheka. Anafundisha la kwanza, ametoka Rombo, ana miezi saba hapa. Aliniangalia. Sekunde mbili. Labda tatu.

Jumanne, 11 Februari

Maandalizi. Nimejipa cheo: Mratibu Mkuu. Bila mratibu mkuu watu hawachangii, hilo linajulikana.

Picha imenisumbua. Nilipiga madarasa, lakini kila picha ina mbuzi. Mbuzi juu ya dawati, mbuzi mlangoni, mbuzi anakula chati ya herufi. Watu wataona shule ya mbuzi. Nikaamua niweke picha yangu mwenyewe. Koti la kaka yangu, miwani nyeusi, mikono kifuani. Nyuma yangu ukuta mwekundu wa bucha ya Agustino, maana ndio ukuta pekee hapa sentani kwenye maduka uliopakwa rangi mwaka huu. Agustino alikuwa ametundika mguu wa ng'ombe, akasema hautoi kwa ajili ya mtu. Umeingia pembeni kidogo. Hauonekani sana.

Mchana nilikwenda ghalani kumwonyesha Mwalimu Glory rasimu ya tangazo. Watoto arobaini na mmoja juu ya magunia, wanapiga chafya kwa vumbi la mahindi. Mmoja akisema "a", kumi wanapiga chafya. Glory alisoma. Alisema ni vizuri nimejitolea, ila pale nilipoandika "paa wawili" niandike "mapaa mawili".

Nilimshukuru. Sitabadilisha. Kwanza, mapaa inasikika kama mapaja. Siwezi kusimama mtandaoni na koti nikaomba mapaja mawili. Pili, hili ni ombi la heshima, na heshima inaanza na "wa". Wazee, wageni, wachangiaji. Paa wa shule si kijiko.

Jumatano, 12 Februari

LIMEKWENDA! Saa tatu asubuhi kamili, mtandao ukiwa na nguvu, nimebonyeza. Nanakili hapa ili lisipotee:

"NDUGU ZANGU WATANZANIA! TUNAHITAJI PAA WAWILI WAKUBWA KABLA YA MVUA. HATA PAA WALIOTUMIKA TUNAPOKEA. HATUULIZI UMEWATOA WAPI. HATUNA MASWALI MENGI. KAMA UNAO NYUMBANI WAMEKAA TU, USIWAACHE WAOZE. USAFIRI UPO. TUNASHUGHULIKA WENYEWE, FUNDI TUNAYE. PIGA SIMU SASA. OCTAVIAN, MRATIBU MKUU, GETANUWAS, HANANG."

Hapo pa kutouliza nimepafikiria sana. Mtu ana mabati ya zamani nyuma ya nyumba, anaogopa ataulizwa yalikotoka. Nimemwondolea hofu. Huo ndio utaalamu.

Mpaka saa sita watu tisini wamelipenda. Mpaka jioni mia nne! Na wengi hawakuweka dole, wameweka kile kikaragosi kinachocheka mpaka kinatoa machozi. Furaha ya kutoa. Sikujua Watanzania wana mioyo hivi.

Nimemwonyesha baba. Hasomi vizuri, nikamsomea. Aliuliza kama nimewaamkia kwanza. Nikasema mtandaoni hakuna shikamoo. Akasema basi mimi ndiye nimewavamia watu majumbani mwao, nikadai, nikaondoka. Halafu akaenda kunywesha ng'ombe.

Ijumaa, 14 Februari

Elfu tatu! Watu elfu tatu wamelisambaza! Kuna mtu wa Songea, mtu wa Kigoma, mtu anayejiita Mama Lishe Tegeta. Nimezoea kupata watu kumi na moja, na saba ni binamu zangu.

Maoni yanamiminika. Mmoja ameandika, "Kaka una moyo wa simba." Mwingine, "Hivi huogopi?" Nikamjibu kwamba kwenye maendeleo hakuna kuogopa. Mwingine, "Niwekee paja." Nikaona! Ndiyo maana nilikataa neno mapaa, tayari watu wanafikiria mapaja. Mwingine, jina lake Emilian, yeye ameandika mara nne, "Kaka futa hii haraka." Wivu. Nikamjibu, "Hatufuti mpaka tufanikiwe!" Watu mia mbili wakacheka kwa furaha.

Bati lililofika mpaka sasa: hakuna. Lakini hamasa ipo.

Lameck amepita na daftari lake nyumba ishirini. Amepata misumari nusu debe, kuku sita na ahadi. Nilimuuliza kwa upole kama ataezeka kwa kuku. Akaniuliza kama mimi nitaezeka kwa vikaragosi. Mtu mwenye elfu tatu habishani na mtu mwenye kuku sita.

Jumamosi, 15 Februari

SIMU YA KWANZA! Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Naandika yote kama yalivyokuwa, maana siku moja yatahitajika.

Namba ngeni. Sauti nzito, ya mtu mwenye uwezo. Akasema anaitwa Patriki, yuko upande wa Babati.

"Ni wewe unayetafuta paa?"

"Ni mimi. Unao?"

"Ninao wawili."

"Wakubwa?"

"Wewe unataka wakubwa kiasi gani?"

"Kila mmoja awatoshe watoto arobaini."

"Arobaini, kwa paa mmoja?"

"Tukiwabana vizuri hata hamsini."

Akakohoa. Akauliza nikishawapata nitawafanyaje. Swali zuri, la mfadhili makini.

"Tunawapandisha juu, halafu fundi anawapigilia misumari."

Nilidhani mtandao umekatika.

"Misumari?"

"Ya inchi nne. Bila hivyo upepo utawachukua kama wale wa kwanza."

"Kumbe kulikuwa na wa kwanza."

"Walikuwepo miaka kumi na minne! Wameondoka kwa dakika tano."

Akauliza nani mwingine anajua habari hii. Nikasema kijiji kizima, ila mkubwa wetu ni mwalimu mkuu, Mwalimu Genoveva. Akaniomba nirudie jina taratibu, nadhani anaandaa cheti. Tumekubaliana Jumatatu saa kumi jioni, njia panda kabla ya kuingia Katesh. Nije na gari. Alisisitiza nisibadilishe mpango.

Nilikimbia mpaka ghalani nikamwambia Mwalimu Glory kwamba paa wawili wamepatikana kwa mtu mmoja. Watoto walishangilia, kisha wakapiga chafya. Glory akauliza paa zima linabebwaje kwenye gari. Sikuwa nimelifikiria. Labda Patriki amewakunja.

Jumatatu, 17 Februari. Mchana.

Natoka. Koti, miwani. Agustino amekubali kutupeleka na pikapu yake ya kubebea nyama, nimemwahidi jina lake litaandikwa ukutani shuleni. Nyuma tumeweka kamba mita hamsini, nyundo mbili, misumari kilo tano. Visu na ndoano zake hakuvitoa, amesema atapitia mnadani. Ni sawa.

Mwalimu Genoveva ameniambia nisiondoke bila yeye kuliona hilo tangazo langu, maana simu yake haina bando la intaneti wiki nzima. Nitamwonyesha nikirudi na mzigo!

Jumanne, 18 Februari. Asubuhi.

Jana sikurudi kuandika. Jana nilikuwa chini ya ulinzi. Lakini historia ni historia.

Njia panda palikuwa na gari moja limefungwa turubai. Patriki akashuka, kijana mnene wa tabasamu. Akasema paa wako ndani. Nikamwambia Agustino atoe kamba. Patriki akauliza kamba za nini. Nikasema za kuwafunga wasiruke njiani. Nikasogea, nikafunua turubai mwenyewe kwa mikono miwili.

Ndani, askari wa wanyamapori wanne. Wanatuangalia.

Sikuelewa. Nilisema shikamooni. Nilidhani wamekuja kulinda mabati!

Agustino alielewa kabla yangu, mikono yake ilikuwa juu tayari. Wakapekua pikapu. Damu. Visu. Ndoano. Kamba. Misumari. Kila walichoinua, walinitazama mimi. Walipoinua misumari mmoja wao alitikisa kichwa kwa huzuni.

Tukapelekwa ofisini kwao Katesh. Mkubwa wao ni mwanamke, Afande Marieta, sauti ndogo, macho hayapepesi. Akanisomea tangazo langu lote polepole. Sijawahi kusikia maneno yangu kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwa kweli yana nguvu.

"Paa wa nini?" akauliza.

"Wa shule, Afande."

"Shule inafuga paa?"

"Haifugi, Afande. Inakaa chini yao."

Akaweka kalamu mezani. Akataja sheria, akataja miaka. Nilihesabu: nikitoka nitakuwa na hamsini na tatu. Nilimwona mama yangu akileta uji gerezani. Nikawaona wale watoto wameondolewa ghalani, wamekaa kwenye mvua kwa sababu nilisimama mbele ya watu nikaahidi. Hapo nililia. Naandika ukweli, nililia kwenye mkono wa koti la kaka yangu.

Agustino alikuwa anarudia jambo moja tu, kwamba yeye anauza ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe.

Nikaomba wampigie Mwalimu Genoveva. Wakasema hata wao walikuwa wanamtafuta, kama mkubwa wa mtandao wa majangili. Wakapiga, wakaweka sauti kubwa. Afande Marieta akajitambulisha, akamuuliza kama ni kweli amemwagiza Octavian amletee paa wawili wakubwa.

Mwalimu akasema si wawili, ni mawili. Mapaa mawili. Ya madarasa.

Halafu akaomba asomewe hilo tangazo. Afande akasoma. Alipofika kwenye "paa waliotumika" ilisikika sauti kama mtu anakabwa. Mwalimu Genoveva alikuwa anacheka! Mwaka wa ishirini na tatu yuko hapa, hakuna aliyewahi kumsikia. Alicheka, akakohoa, akaomba maji, akarudi akacheka tena. Kisha akapata pumzi, akawafundisha ofisi nzima kwa simu. Paa huyu, paa hawa, ni mnyama. Paa hili, mapaa haya, ni la nyumba. Wewe Octavian nilikufundisha hili darasa la tano, ulikuwa unatazama nje.

Patriki, kumbe naye askari wao, alitoka nje. Nilimsikia akipiga ukuta kwa kiganja.

Afande Marieta hakucheka, lakini midomo aliibana sana. Akachukua ile karatasi ya maelezo, akaigeuza upande usioandikwa, akanipa kalamu. Niliandika "Paa la shule, mapaa ya shule" mara hamsini. Mwalimu alibaki kwenye simu mpaka nikamaliza.

Tumerudishwa kwa heshima. Agustino hajaniongelesha toka Katesh.

Jumanne jioni

Aibu! Hasira! Lameck jana alikuwa Katesh kununua vocha. Alituona tukishushwa kwenye gari la askari. Akapiga picha. Ameirusha: mimi na koti, Agustino mikono juu, na maneno haya, "Mratibu Mkuu akamatwa kwa kutafuta paa." Imesambaa kuliko tangazo langu. Elfu kumi na mbili! Kwa kazi ya dakika moja!

Sikufungua kibanda. Baba alikuja akakaa mlangoni. Akauliza kama walinipiga. Nikasema hapana. Akauliza kama watoto wamepata paa. Nikasema hapana. Akasema basi lililoharibika ni moja tu, lile la pili, akanipa maziwa.

Mvua ya kwanza imepiga saa kumi na moja. Fupi, nzito. Nilichungulia nikaona madarasa mawili wazi kama masanduku, maji yanatoka mlangoni.

Alhamisi, 20 Februari

Nasoma mara ya tatu na bado siamini.

Mwalimu Glory ameingia kwenye ile picha ya Lameck. Ameandika chini yake maneno machache tu. "Huyu kaka si jangili. Alikuwa anatafuta hili." Na picha ya darasa lake. Kuta nne, mbingu, maji yamejaa, mbuzi mmoja juu ya dawati amesimama kama mlinzi. Na idadi ya watoto. Na kwamba ghala tunalirudisha tarehe ishirini na nane.

Watu waliokuwa wanacheka wameanza upya kwa namna nyingine. Yule Emilian aliyeniambia nifute ndiye wa kwanza: "Nachangia bati moja, nimpe paa wenu kwato." Mwingine akasema yeye bati la pembe. Mwingine mkia. Sasa kila mtu anachangia kiungo! Mama Lishe Tegeta ametoa "mbavu zote za kushoto", mabati kumi na mawili. Wamechagua wenyewe nani apokee, na wamemchagua Lameck kwa sababu ana kibanda cha pesa. Lameck! Anasoma majina kwa sauti nje ya kibanda kama mtangazaji wa mpira, na kijiji kizima kimekaa chini kinasikiliza. "Masikio mawili, kutoka Songea!" Watu wanapiga vigelegele.

Nilikaa kibandani kwangu ng'ambo ya barabara kama dakika tano. Halafu nikashindwa, nikavuka. Simu ya Lameck ilikuwa inakaribia kuzima. Nani atamchajia? Nimemchajia bure, mpaka paa wa pili akapata miguu yote minne.

Jumanne, 25 Februari

Lori limefika! Mabati mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Mbao kutoka kwa mfanyabiashara wa Babati ambaye hakutaka jina. Na nyuma ya lori, gari la wanyamapori! Nilijikuta nyuma ya ghala kabla sijafikiri. Kumbe Afande Marieta ameleta mabati kumi, mchango wa ofisi. Akaniita. Akaniambia ni shingo.

Patriki amevua shati, amepanda juu na fundi. Kila anapopiga msumari anapaza sauti, "Inchi nne, Mratibu?" Watu wanaanguka.

Baba alitoa yule mtamba? Hapana. Ametoa dume. Amechinjwa kwa ajili ya wajenzi, Agustino amechuna bila malipo, na leo ameniambia neno la kwanza. Alisema, "Pisha."

Mwalimu Glory aliniletea kikombe cha mchuzi mwenyewe. Nilimwambia kwamba mambo yamekwenda kama nilivyopanga. Alinitazama. Hii ilikuwa sekunde nne.

Ijumaa, 28 Februari

Makabidhiano. Mvua ilianza saa nne katikati ya hotuba ya Mwalimu Genoveva, tukakimbilia ndani, watu wazima tumebanana na watoto, na hakuna aliyelowa. Kelele ya mvua kwenye bati jipya! Mwalimu hakusikika tena, alikuwa anafungua mdomo tu. Watoto wakaanza kupiga kelele kushindana na mvua. Mwalimu Glory aligeukia ubaoni, akabaki anafuta ubao usio na kitu. Mzee wangu alitazama juu muda mrefu na shingo ilivyo mbovu.

Mvua ilipopungua Mwalimu aliwashukuru Lameck kwa picha, Glory kwa maneno, askari kwa shingo, Agustino kwa gari, baba kwa dume. Mwisho akasema, na yule aliyekosea ngeli. Makofi hayo yalikuwa marefu kuliko yote. Nilisimama, nikainama mara mbili.

Nikiwa mkweli kwenye daftari langu mwenyewe: kama ningeandika "mapaa mawili", nani angesoma? Binamu saba. Ni wazi kipaji changu kilijua jambo ambalo mimi nilikuwa sijalijua bado.

Jumapili, 2 Machi

Kazi mpya!

Baada ya ibada nilimsikia Mwalimu Glory akimwambia mwenzake kwamba kwaya ya shule imealikwa kuimba Katesh mwezi ujao, ila watoto hawana tai za sare. Sikusubiri aniombe. Lameck alikuwa amesimama karibu, nikaona masikio yake yanasogea. Nimemwahi!

Safari hii nimekuwa mwangalifu sana. Mtu akikosea lazima ajirekebishe. Nimelikagua tangazo kutoka juu mpaka chini, mara tatu: neno paa halimo popote. Halimo kabisa. Na picha nimepiga mbele ya zizi la baba, hakuna bucha, hakuna nyama, ni mimi na wavu wa kuku tu.

"NDUGU WATANZANIA! MRATIBU MKUU AMERUDI. SASA TUNAHITAJI TAI WEUSI SITINI, WAKUBWA KWA WADOGO. KAMA UNAO KABATINI USIWAFICHE. TUNAWAFUNGA SHINGONI WENYEWE."

Nimebonyeza saa saba na nusu. Saa nane kasoro simu imeita! Namba ngeni, sauti nzuri ya mama. Ameuliza kama nawataka wazima.

Nimemwambia wazima kabisa, mama, waliochanika sitaki.